Kiti cha Mfalme Kikibaki Wazi, Unamtazama Nani?

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko: 2 Nyakati 26, Isaya 6:1-8, 2 Wafalme 16:5-9, Zaburi 146

Iwe uko nyumbani Kangemi, uko ndani ya matatu ukielekea tauni, au umeketi na kikundi chako pale Kawangware au Uthiru, soma ukiwa na Biblia karibu. Maandiko nimeyataja kwa sura na aya, nimeyaeleza kwa maneno yangu. Yafungue uyapime mwenyewe.

Asubuhi ya Oktoba 15, 2025, habari zilifika Nairobi kwamba Mheshimiwa Raila Odinga amefariki huko India akiwa na umri wa miaka 80. Mnakumbuka siku hizo. Watu walitoka barabarani na matawi mikononi, wengine wakitembea kwa miguu hadi uwanja wa ndege kuupokea mwili. Kesho yake Kasarani risasi zilifyatuliwa, na kuna waliotoka nyumbani kwenda kumuaga ambao hawakurudi. Mpaka anazikwa Bondo, mji ulikuwa kama nyumba iliyofiwa na baba.

Wiki hiyo mama mmoja mzee wa kanisa letu aliniuliza, "Pasta, sasa sisi watu wadogo tutamtazama nani?" Hakuwa anafanya siasa. Kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kuamini kwamba kuna mtu mmoja atakayemtetea, na mtu huyo ameondoka. Wiki hiyo hiyo kuna ndugu mwingine aliyenong'ona, "Sasa tutapumua." Nikawaza juu ya hao wawili. Mmoja analia, mwingine anafurahi, lakini wote wanasema jambo moja: kwamba maisha yangu yanategemea mwanadamu fulani yuko au hayuko.

Swali la yule mama ni la haki, na Biblia ina jibu lake. Tunalipata katika maisha ya wafalme wawili wa Yuda, Uzia na mjukuu wake Ahazi, na nabii mmoja aliyewaona wote.

1. UZIA ALIKUWA MFALME MZURI, LAKINI ALIKUFA

Tusianze kwa kuwatukana viongozi. Ukisoma 2 Nyakati 26 utaona Uzia alitawazwa akiwa kijana wa miaka 16, akatawala miaka 52. Alijenga minara, alichimba visima vya maji kwa ajili ya mifugo, alipenda kilimo, alipanga jeshi vizuri. Watu walilala kwa amani. Biblia haifichi mazuri yake, na sisi tusifiche mazuri ya wetu.

Januari 2003 Rais Kibaki alipoanza kutawala, masomo ya shule za msingi za umma yakawa bila karo. Wako kati yenu wanaosoma karatasi hii leo kwa sababu mlango huo ulifunguliwa. Agosti 27, 2010 tulipata Katiba mpya, na wako waliopigwa na kuwekwa kizuizini miaka mingi ndipo tukaifikia. Kiongozi mwema ni zawadi. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, na umheshimu.

Lakini sasa njoo tauni, upite Bunge. Pembeni mwa majengo hayo kuna kaburi la Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki Agosti 22, 1978. Wakati wake kulikuwa na watu waliodhani nchi haiwezi kusimama bila yeye. Mzee Moi akaja akatawala miaka 24, akafariki Februari 2020, amelala Kabarak. Kibaki alifariki Aprili 2022, amelala Othaya. Raila amelala Bondo. Wote walikuwa wakubwa, na wote wamelala.

Hapo ndipo Zaburi 146:3-4 inapotuambia tusiweke tumaini letu kwa wakuu. Angalia sababu inayotolewa. Mtunga zaburi hasemi kwamba wakuu wote ni wabaya. Anasema pumzi yao ina mwisho, na siku pumzi inapokoma, mipango yao inakwenda nao udongoni. Hata yule mwenye nia safi kabisa anaweza kukuahidi Jumatatu na Alhamisi awe hayupo. Ukimtegemeza mtu wa namna hiyo uzima wako wote, umemtwika mzigo ambao mabega yake hayakuumbwa kuubeba.

2. UZIA ALITAKA NA MADHABAHU

Uzia alipopata nguvu, moyo wake ulipanda juu. Aya ya 16 inaeleza kwamba aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo Mungu aliwapa makuhani peke yao. Alikuwa na kiti cha enzi, akaona hakitoshi, akataka na madhabahu.

Kuhani Azaria akamfuata, pamoja na makuhani wengine 80. Hawakumtukana wala kumpiga. Walimwambia wazi kwamba hapa si mahali pako, toka. Mfalme akakasirika, na akiwa na chetezo mkononi, ukoma ukamtokea kwenye kipaji cha uso. Akaishi katika nyumba ya peke yake hadi kufa kwake.

Wapendwa, hebu tusome hadithi hii kama watu wa Nairobi. Nani asiyejua jinsi Jumapili zetu zinavyokuwa uchaguzi unapokaribia? Gari kubwa linaingia, kwaya inanyamazishwa, mheshimiwa anapewa kipaza sauti, na baada ya dakika tano za salamu anaanza kuwachamba wapinzani wake mbele ya meza ya Bwana. Kisha bahasha inatolewa, na watu wanapiga makofi kuliko walivyopiga wakati wa neno.

Makanisa mengine yameanza kusimama kama Azaria. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alisema wanasiasa hawatapewa tena mimbari katika kanisa lake. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza pesa ambazo Rais alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Sisi Wapentekoste tusitazame mambo hayo kwa mbali kama sinema. Tumekuwa wepesi sana kufungua madhabahu.

Katika kanisa letu wazee wamekubaliana hivi. Kiongozi yeyote anakaribishwa, wa chama chochote. Ataketi pamoja na waumini wengine, ataombewa kama wengine, na akitaka kutoa sadaka ataiweka kwenye kikapu kama mama mboga anavyoweka yake. Kipaza sauti hapana. Hilo si dharau. Mheshimiwa naye ana nafsi inayohitaji kusikia neno, na atalisikiaje kama kila akija kanisani yeye ndiye mhubiri?

3. AHAZI NA GHARAMA YA TUMAINI LISILO MAHALI PAKE

Baada ya Uzia alitawala mwanawe Yothamu, kisha mjukuu wake Ahazi. Siku za Ahazi nchi ilivamiwa na wafalme wawili, wa Shamu na wa Israeli. Isaya 7:2 inasema moyo wa mfalme na mioyo ya watu wake ilitikisika kama miti ya msituni ikipigwa na upepo. Isaya akatumwa kumwambia atulie, asiogope, amtegemee Bwana.

Ahazi hakutulia. Soma 2 Wafalme 16:7-8. Alituma wajumbe kwa mfalme wa Ashuru kuomba msaada, akijiita mtumishi wake na mwanawe. Na kwa sababu msaada wa wakubwa hauji bure, alichukua fedha na dhahabu kutoka nyumba ya Bwana, akampelekea kama zawadi. Na 2 Nyakati 28:20-21 inamalizia kwa huzuni kwamba mfalme huyo wa Ashuru mwishowe alimsumbua Ahazi, hakumsaidia.

Mpendwa, hapa ndipo penye somo letu la leo. Ukiweka tumaini la wokovu kwa mwanadamu, utalazimika kumlipa. Na malipo yake hutoka katika nyumba ya Mungu. Utachukua vitu vitakatifu na kumpelekea.

Unauliza, vitu gani? Mimi sina dhahabu ya hekalu. Unayo. Upendo wako kwa jirani ni dhahabu ya hekalu. Ukweli wa kinywa chako ni dhahabu ya hekalu. Ushirika wako na ndugu wa kabila lingine unayeshiriki naye meza ya Bwana, hiyo ni dhahabu ambayo Yesu aliinunua kwa damu. Na hivyo ndivyo vitu tulivyovibeba kuwapelekea wanasiasa.

Tukumbuke bila kufunika. Desemba 30, 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na nchi ikawaka. Januari 1, 2008 watu waliokimbilia kanisa la KAG la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo ndani, kina mama na watoto. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama letu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yale. Mwaka huo huo viongozi wa NCCK waliomba nchi msamaha hadharani, kwa sababu makanisa yalikuwa yamegawanyika kufuata vyama. Hiyo ndiyo dhahabu ilivyotoka hekaluni.

Na waliopokea zawadi hiyo? Februari 28, 2008 Rais Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba nje ya Harambee House, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Kufikia Aprili walikuwa katika serikali moja. Tunamshukuru Mungu kwa amani ile, kwa kweli iliokoa maisha. Lakini aliyefiwa hakurudishiwa mtu wake.

Njoo sasa karibu na nyumbani. Oktoba 26, 2017 kulikuwa na uchaguzi wa marudio baada ya Mahakama ya Juu kufuta ule wa Agosti. Kesho yake jioni Kawangware ikawaka. Nyumba na vibanda vilichomwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni, jirani akimkimbia jirani waliyechota maji pamoja asubuhi. Hata miezi mitano haikuisha. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakasalimiana kwa mkono na kuitana ndugu. Na Machi 7, 2025, mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika ukumbi wa KICC, Rais Ruto na Raila nao walitia sahihi makubaliano ya kufanya kazi pamoja, ilhali mwaka 2022 walikuwa wameshindana hadi Mahakama ya Juu.

Sisemi walikosea kupatana. Mungu anapenda wapatanishi. Ninachosema ni kwamba wao waliweza kupatana kwa asubuhi moja, lakini kule mitaani kuna majirani ambao hawajasalimiana tangu 2017. Mwenye kibanda kilichoungua alijijengea mwenyewe, bati moja moja, kwa mkopo wa chama. Aliyekichoma alifanya hivyo kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua hata jina.

4. YULE ALIYEONA KITI KINGINE

Sasa turudi kwa swali la yule mama: tutamtazama nani?

Isaya alikuwa kijana wa wakati wa Uzia. Fikiria miaka 52. Watu wengi Yerusalemu hawakuwahi kuona mfalme mwingine. Mwaka ambao Uzia alikufa, kiti kikiwa wazi na kila mtu akiuliza kesho itakuwaje, Isaya aliingia hekaluni, na huko, inasema Isaya 6:1, akamwona Bwana ameketi kwenye kiti cha enzi kilicho juu sana. Zingatia neno hilo, ameketi. Bwana hakuwa anatafuta kura, hakuwa anangoja tume itangaze. Kiti cha Yerusalemu kilikuwa kimepata pengo, lakini kile cha mbinguni hakikuwa kimetikisika hata kidogo.

Lakini usikome kwenye aya ya kwanza, kwa maana wengi wetu tunapenda kukomea hapo. Tunasema, "Mungu yuko kwenye kiti cha enzi," kisha tunajifunika blanketi. Isaya alipomwona Bwana, kwanza alilia juu ya midomo yake mwenyewe na ya watu wake, akatakaswa. Kisha akasikia Bwana akiuliza ni nani wa kutumwa, akajitoa. Na alipotumwa alikwenda kusema na watu wazima, na wafalme pia. Soma Isaya 10:1-2 uone jinsi alivyowakemea wanaotunga sheria za kuwanyima maskini haki yao. Nabii huyo hakuwa anafanya siasa za chama. Alikuwa huru, kwa sababu hakuna mfalme aliyeshika ugali wake.

Kwa hiyo kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Juni 25, 2024 vijana waliingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya miezi ile. Wako wazazi mtaani kwetu ambao mpaka leo wakisikia mlango ukigongwa usiku wanasimama. Kumwambia mzazi kama huyo, "Wewe mwamini Mungu tu, nyamaza," hiyo si imani. Zaburi 146 hiyo hiyo inayotukataza kuwatumainia wakuu, aya ya 7 hadi 9 inaeleza Mungu tunayemtumaini anafanya nini. Anawatetea walioonewa, anawalisha wenye njaa, anawafungua wafungwa, anawalinda wageni, yatima na wajane. Ukimtumaini Mungu wa namna hiyo, mikono yako itaanza kufanya kazi anazozifanya.

Wacha niwape mfano. Usiku ule wa 2017 dada mmoja wa kanisa letu, anayeuza nguo za mtumba, alimfungulia mlango jirani wa kabila ambalo mtaani lilikuwa linatafutwa. Akamlaza yeye na watoto watatu sakafuni, taa ikiwa imezimwa. Wakaja vijana wakamuuliza ndani kuna nani. Akawajibu, "Kuna watoto wa Mungu wamelala, na mimi ndiye nimelala nao." Wakaondoka. Nilipomuuliza baadaye kama hakuogopa, alisema, "Pasta, niliogopa sana. Lakini nilijua nikimtoa huyu, Jumapili nitaimba nini?" Na dada huyo alikuwa amepiga kura, tena ya upande ule wa vijana waliogonga. Mgombea wake alimpa kura. Dhahabu ya hekalu alikataa kumpa.

5. TUFANYE NINI KABLA YA AGOSTI 2027

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Joto limeanza tayari. Nawashauri mambo manne kama mchungaji wenu.

Kwanza, jiandikishe na upige kura. Yeremia 29:7 inawaambia watu wa Mungu watafute amani ya mji wanamokaa. Kura ni njia mojawapo. Ipige kama raia mwenye akili, si kama mtu anayechagua mwokozi. Mwokozi tunaye.

Pili, waombee viongozi kwa majina, hata yule usiyempigia kura. 1 Timotheo 2:1-2 haikutupa ruhusa ya kuchagua. Ukiona jina fulani halitoki mdomoni ukiwa umepiga magoti, hapo Roho anakuonyesha jambo.

Tatu, linda simu yako. Ile meseji ya WhatsApp inayosema kabila fulani linapanga hivi na vile, ikome kwako. Usiwe mjumbe wa Ahazi.

Nne, wadai viongozi haki bila chuki na bila woga. Maji taka yakipita mlangoni, nenda kwa MCA wako. Barabara ikiwa mbaya, uliza pesa zilienda wapi. Mkristo asiyemwogopa kiongozi wala kumwabudu ndiye anayeweza kumwambia ukweli kwa heshima.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ukisikia habari mbaya za nchi usiku, cha kwanza unachoshika ni nini? Simu ama magoti?
2. Je, kuna jirani au muumini ambaye mliacha kusalimiana kwa sababu ya siasa? Ni nani atakayeanza kumwendea, na lini?
3. Kiongozi unayemuunga mkono akikosea wazi, unaweza kusema amekosea? Kama huwezi, ni kwa nini?
4. Katika 2 Nyakati 26, makuhani 80 walisimama pamoja na Azaria. Waumini wanawezaje kumsaidia mchungaji wao kusimama siku bahasha inapoletwa?
5. Machafuko yakizuka leo usiku, nyumba ya nani katika kikundi hiki itakuwa wazi kwa yeyote? Msijibu kwa ujumla. Tajaneni.

Hilo swali la tano msiliruke. Kikundi cha dakika kumi kinaweza kuokoa mtu.

MAOMBI

Baba, kiti chako hakijawahi kubaki wazi. Tusamehe pale tulipobeba vya nyumba yako tukawapelekea wanadamu. Wafariji waliofiwa na watoto wao katika mitaa ya mji huu, na wasiachwe bila haki. Wape viongozi wetu hekima na hofu yako, na utupe sisi ujasiri wa kuwaambia ukweli. Jirani yangu asiniogope, nami nisimwogope. Katika jina la Yesu, Amina.